Tibasaikolojia Uwanjani

Mchezaji akienda kwa daktari wa timu kutazamwa goti, hakuna anayenong'ona. Akienda kwa mwanasaikolojia, maneno yanaanza: kumbe hayuko sawa? Kinachoponza ni ile sehemu ya kwanza ya istilahi tibasaikolojia. Tukisikia tiba, tunatafuta ugonjwa. Maana yake ni pana zaidi: mazungumzo yenye utaratibu, yanayoongozwa na mtaalamu aliyesomea, ya kumsaidia mtu abadili anavyofikiri, anavyohisi au anavyotenda. Ushauri nasaha ni jirani yake wa karibu. Hamasa ya kocha wakati wa mapumziko ni kitu kingine kabisa.

Saikolojia ya michezo imeazima mengi kwenye tibasaikolojia. Mwanasaikolojia Albert Ellis, aliyeanzisha tiba yake Marekani mwaka 1955, aliona kuwa watu huteswa na masharti wanayojiwekea kuliko tukio lenyewe. Mtazame mpiga penalti. Akijiambia "lazima nifunge, nikikosa mimi si kitu", miguu inakuwa mizito kabla hajaugusa mpira. Mtaalamu humhoji: hiyo lazima kaiweka nani? Ukikosa, mabao yako yote ya nyuma yanafutika? Taratibu sentensi inageuka: "Natamani sana kufunga; nikikosa itaniuma, na nitaendelea kucheza." Hamu ya bao haijapungua hata chembe.

Wanasaikolojia Frank Gardner na Zella Moore, mwanzoni mwa miaka ya 2000, walishika njia nyingine: wazo halibishiwi. Mchezaji huzoezwa kuliona "nitakosa" likija, aliache lilivyo, arudishe macho kwenye mpira. Huo ndio uzingativu. Naamini unafaa zaidi pale kwenye nukta ya penalti, maana anayesubiri filimbi hana muda wa mjadala.

Msaada huu si wa wapiga penalti tu. Mwanajimnastiki wa Marekani Simone Biles alijiondoa katika fainali ya timu kwenye Olimpiki ya Tokyo, Julai 2021, baada ya kupoteza hisia ya mahali mwili wake ulipo hewani. Paris, tarehe 30 Julai 2024, aliianza siku ya fainali kwa kuzungumza na mtaalamu wake wa tibasaikolojia, na Marekani ikachukua dhahabu.

Klabu zetu zikiajiri wataalamu hawa, mkataba useme wazi kwamba yanayosemwa chumbani kwa mtaalamu hayafiki kwa kocha anayepanga kikosi. Mchezaji akihisi yatafika, atasema yale tu ya kumpa namba.