Kura ya Mbunge na Orodha ya Majina: Funzo la Historia Kutoka Kenya

Mwananchi humchagua mbunge wake kwa kura ya siri. Lakini mbunge akishaingia Bungeni, kura anayoipiga huko si yake peke yake. Huipiga kwa niaba ya watu waliomtuma. Kwa hiyo watu hao wanayo haki ya kujua amekubali nini na amekataa nini. Jambo hili ni rahisi kulitamka, lakini kulitekeleza ni kazi. Historia ya nchi jirani ya Kenya yaonyesha kwamba orodha ya majina ya wabunge waliopiga kura yaweza kuwa kinga ya wananchi, na orodha hiyo hiyo yaweza kuwa mtego wa wabunge.

Katika mabunge yaliyofuata desturi ya Uingereza ziko njia mbili kubwa za kuamua hoja. Ya kwanza ni ya sauti. Wanaoafiki huitika, wasioafiki hukataa, naye Spika husikiliza upande upi umezidi. Njia hiyo ni ya haraka, lakini haiachi jina la mtu. Aliyepaza sauti, aliyenyamaza na aliyekuwa nje akinywa chai, wote huwa sawa. Njia ya pili ni ya kuhesabiwa mmoja mmoja, na kila jina kuandikwa katika kumbukumbu rasmi za Bunge. Hapo mbunge hana pa kujificha.

Mwaka 1975 Kenya ilishuhudia uzito wa njia hiyo ya pili. Mwezi Machi mwaka huo Josiah Mwangi Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini, aliuawa, na maiti yake ikapatikana katika vilima vya Ngong, karibu na Nairobi. Bunge liliunda kamati chini ya uenyekiti wa Elijah Mwangale. Taarifa ya kamati hiyo iliwalaumu baadhi ya maofisa wa ngazi za juu wa polisi kwa kuficha ukweli, na ikataka uchunguzi uendelee.

Serikali ya Mzee Jomo Kenyatta haikupenda Bunge liikubali taarifa hiyo. Mwezi Juni wabunge walihesabiwa. Walioikubali walikuwa 62, na waliokuwa upande wa Serikali 59. Miongoni mwa wale 62 walikuwamo Waziri mmoja, Masinde Muliro, na Mawaziri Wadogo wawili, John Keen na Peter Kibisu. Msikilizaji na apige hesabu mwenyewe: kama watatu hao wangehamia upande wa pili, Serikali ingeshinda kwa kura 62 dhidi ya 59. Taarifa nzima ilisimama juu ya mabega ya watu watatu, na watatu hao walifukuzwa kazi mara moja.

Haki itendeke pia kwa upande wa pili. Ni desturi ya mabunge ya aina hiyo kwamba Waziri anayeipinga Serikali yake hujiuzulu au huondolewa. Lakini mambo hayakuishia hapo. Mwezi Oktoba, mwaka ule ule, wabunge Martin Shikuku na Jean-Marie Seroney, ambaye alikuwa Naibu Spika, walikamatwa katika eneo la Bunge kwa sababu ya maneno waliyoyasema ndani ya Bunge. Waliwekwa kizuizini bila kushtakiwa mpaka Desemba 1978. Wabunge wengine hawakuhitaji kuelezwa zaidi. Walielewa kwamba yuko anayefuatilia kura na kauli zao, na kwamba huyo si mpiga kura wa kijijini.

Matunda ya hofu hiyo yalionekana baadaye. Mwezi Juni 1982 Bunge lilibadili Katiba na kuifanya KANU kuwa chama pekee cha siasa kwa sheria. Muswada ulipita upesi. Majina yalijulikana, lakini mwananchi angeyafanyia nini, naye hana chama kingine cha kukigeukia? Mwaka 1988 mambo yakapinduliwa juu chini. Katika uteuzi wa wagombea wa KANU wapiga kura walipangwa milolongo nyuma ya wagombea wao, hadharani, mbele ya machifu na majirani. Hivyo mwananchi, ambaye ndiye mwenye haki ya siri, alinyang'anywa siri yake. Kipengele cha chama kimoja kilifutwa Desemba 1991.

Katiba mpya ya mwaka 2010 ililitaka Bunge la Kenya lifanye shughuli zake kwa uwazi. Tarehe 25 Juni, 2024, wabunge waliupigia kura Muswada wa Fedha uliokuwa na kodi mpya. Walioafiki walikuwa 195, waliopinga 106. Majina yao yalienea nchi nzima kupitia simu za mkononi. Hesabu hiyo nayo yafaa kutazamwa vizuri. Jumla yake ni 301, ilhali Bunge la Taifa lina viti 349 mbali na cha Spika. Zaidi ya wabunge 40 hawamo upande wowote. Baadhi yao huenda walikuwa na udhuru wa kweli. Lakini mpiga kura anayo haki ya kuuliza, kwa kuwa kutokuwapo nako huamua mambo.

Siku hiyo hiyo waandamanaji waliingia katika majengo ya Bunge na sehemu yake ikachomwa moto. Polisi walifyatua risasi, watu wakafa, na jeshi likaitwa kuwasaidia polisi. Mali za baadhi ya wabunge zilishambuliwa. Siku ya pili yake Rais William Ruto alitangaza kwamba hatautia sahihi muswada huo.

Hapo ndipo historia hii inapomgusa askari wa nchi yoyote. Orodha ya kura ni ushahidi, nao mahali pake ni kwenye sanduku la kura. Mtawala akiigeuza kuwa orodha ya watu wa kutiwa kizuizini, Bunge huwa kimya. Umati wenye hasira ukiigeuza kuwa orodha ya nyumba za kuchomwa, Bunge huwa kimya vile vile. Askari humlinda mbunge aliyekubali na aliyekataa kwa kiasi kimoja, na humlinda pia raia anayeuliza kwa amani, "Wewe ulipiga kura upande gani?"

Tena, askari mwaminifu asidhani kwamba kura ya mwaka 1975 ilikuwa dhidi ya polisi. Ukweli ukifichwa, lawama ya wachache humwangukia kila avaaye sare. Wale 62 walikubali kuandikwa majina yao ili ukweli huo utafutwe. Baadhi yao walilipa kwa vyeo vyao, lakini majina yao yangali katika kumbukumbu, na vivyo hivyo majina ya wale 59.