Reli, Mkonge na Uchomeleaji wa Alumini Tanga
Ufundi wa vyuma mjini Tanga ulikuzwa na reli iliyoanza kujengwa mwaka 1893 na mashamba ya mkonge yaliyohitaji mitambo. Alumini ya kusubu, yaani iliyoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu, ilipoenea kwenye injini, ilileta ugumu mpya, kwa kuwa huyeyuka chini ya nyuzijoto 660 za Selsiasi ilhali utandu wa oksidi unaoifunika huhitaji zaidi ya 2,000. Uchomeleaji wa TIG, uliobuniwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1940, hutumia ncha ya tungsteni na gesi ya agoni inayozuia hewa, huku mkondo geu, yaani umeme unaobadili mwelekeo, ukiuvunja utandu huo. Hata hivyo, silinda hedi ya alumini iliyopasuka, yaani kifuniko cha silinda za injini, isiposafishwa mafuta yaliyopenya kwenye ufa, kiungo hujaa vitundu na kupasuka tena.