Pezi Ndilo Lililokata Kamba

Neno "mzamiaji" hapa mjini limeshapata maana nyingine. Ukimwambia kijana wa Kariakoo kwamba fulani ni mzamiaji, atakuuliza alipanda meli gani na alishukia wapi, Durban au Ugiriki. Leo siwazungumzii hao. Nawazungumzia wanaozama kweli kweli, chini ya maji, na hasa kile wanachovaa miguuni: yale mapezi ya mpira au plastiki yanayomfanya mtu mzima atembee ufukweni kama bata.

Kwanini mapezi? Kwa sababu kila anayesimulia historia ya kupiga mbizi huanza na mtungi wa hewa na humaliza na mtungi wa hewa. Pezi linatajwa kama mapambo tu. Mimi naona tofauti. Mtungi ulimpa binadamu pumzi, lakini pezi ndilo lililompa uhuru. Na kwa wale wenzangu wanaoanza kuweka akiba ya safari ya Mafia au Pemba wakajifunze kuzama, kuna faida ya ziada: ukiijua historia ya pezi, utajua pia ununue lipi na uliache lipi dukani.

Tuanze na watu ambao hawakuwa na mapezi.

Katika Ghuba, kuanzia Kuwait na Bahrain hadi pwani ya Oman, uchumi wa miji mingi uliwahi kusimama juu ya lulu. Kila majira ya joto majahazi yalitoka kwa miezi kadhaa. Mzamaji alibanwa pua kwa kibanio kidogo, akatia mguu kwenye kitanzi cha kamba yenye jiwe zito, akavuta pumzi na kuachia. Jiwe lilimshusha. Alikusanya chaza kwenye kikapu hadi pumzi ilipokaribia kwisha, kisha akatikisa kamba ya pili, na mwenzake aliye juu ya jahazi akamvuta kwa nguvu za mikono. Alipumzika kidogo, akarudi tena. Mara kadhaa wa kadhaa kwa siku.

Habari hii si ya mbali na sisi. Baadhi ya wazamaji wale walikuwa Waafrika, na kati yao walikuwamo waliochukuliwa utumwani kutoka pwani yetu na bara lake. Sultani Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari mwaka 1873, lakini watu waliendelea kupelekwa kwa magendo, maana soko la lulu na tende lilikuwa linapanda. Baadhi yao walikuja kutoroka na kwenda kwenye ofisi za Waingereza kule Ghuba kuomba hati za uhuru, na maelezo yao yameandikwa. Biashara yenyewe ilianguka miaka ya 1920 na 1930, pale lulu za kufugwa za Wajapani zilipojaa sokoni na uchumi wa dunia ukaporomoka.

Sasa tazama ile kamba. Mzamaji hakuhitaji pezi kwa sababu jiwe lilimshusha na mwenzake alimpandisha. Kushuka hakukuwa kwake, kupanda hakukuwa kwake. Maisha yake yalikuwa mikononi mwa mtu wa juu, na kama alikuwa mtumwa, hata chaza alizopanda nazo hazikuwa zake. Hiyo ndiyo maana ya kuzama bila nguvu zako mwenyewe.

Ulaya nako kamba ilikuwepo, ila ya aina nyingine. Miaka ya 1830 Augustus Siebe, fundi Mjerumani aliyeishi London, alitengeneza vazi la kuzamia lenye kofia kubwa ya shaba, na hewa ilisukumwa kwa pampu kutoka juu kupitia bomba. Miguuni mzamaji alivaa viatu vyenye soli za risasi, jozi moja ikiweza kupita kilo 15. Kazi ya viatu hivyo ilikuwa kumkandamiza chini asielee. Kwa hiyo alitembea sakafuni mwa bahari kama mtu anayetembea kwenye tope, huku bomba na kamba vikimfuata. Alifika chini, ndiyo, lakini alifika kama mgeni aliyefungwa kamba.

Wazo la kumpa binadamu miguu ya samaki ni la zamani. Leonardo da Vinci alichora glavu zenye utando kama wa bata. Benjamin Franklin, yule ambaye sura yake mnaitafuta kwenye noti ya dola mia, alipokuwa mtoto Boston mwanzoni mwa karne ya 18 alijitengenezea vibao viwili vya mbao vya kushika mikononi, kila kimoja na tundu la kidole gumba. Alikwenda kasi zaidi, lakini vifundo vya mikono vilichoka. Akajaribu pia ndara za kufunga kwenye nyayo. Hizo hazikumridhisha, na sababu aliyoitoa baadaye katika barua ni ya mtu mwenye akili ya uchunguzi: aligundua kwamba muogeleaji hasukumi maji kwa wayo peke yake, anasukuma pia kwa upande wa ndani wa mguu na kifundo. Kibao kigumu chini ya wayo hakijui kukunjika. Kilichokosekana kilikuwa mpira.

Mpira ulipopatikana, akatokea Louis de Corlieu, ofisa wa jeshi la majini la Ufaransa. Mwaka 1914 aliwaonyesha maofisa wenzake mapezi yake ya kwanza. Vita Kuu vikaja, mambo yakalala. De Corlieu hakukata tamaa. Mwaka 1933 alipata hataza nchini Ufaransa, na mwaka 1939 akaanza kuyatengeneza kwa wingi. Ukitazama jina alilotumia kwenye hataza utaona alichokuwa akifikiria: alizungumzia vyombo vya kuogelea na kuokoa maisha. Alikuwa na mtu anayezama akilini, wala si mtalii.

Upande wa pili wa dunia alikuwepo Mmarekani Owen Churchill, mwanamichezo wa mashua aliyeshinda medali ya dhahabu katika Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1932. Alisafiri hadi Tahiti, na kule, kama inavyosimuliwa, aliwakuta wenyeji wakiogelea kwa kasi wakiwa wamefunga miguuni majani yaliyosukwa na kukazwa kwa lami. Akarudi kwao kutengeneza mapezi ya mpira, akakuta de Corlieu ameshamtangulia kwa hataza, akamlipa ili apate kibali. Mwaka 1940 akaanza kuyauza. Mwaka wa kwanza hakufikisha hata jozi elfu moja.

Hapa naomba tusimame kidogo. De Corlieu ana jina. Churchill ana jina na medali. Wale wa Tahiti waliosuka majani na kuyapaka lami wameachwa kama "wenyeji". Hakuna aliyeuliza nani alianza, wala hakuna aliyewalipa kibali. Sisemi kwamba Churchill aliiba. Alilipa pale sheria ilipomtaka alipe. Nasema sheria ya hataza inamtambua mwenye karatasi, na maarifa mengi ya dunia yetu hayakuwahi kuandikwa kwenye karatasi. Nendeni Nungwi au Jibondo mkawaulize wavuvi wa pweza mambo ya mikondo, mtaelewa nisemacho.

Kilichoyatoa mapezi gizani ni vita. Katika Vita Kuu ya Pili wapiga mbizi wa kijeshi wa Uingereza na Marekani walivaa mapezi ya Churchill, na Waitaliano nao walikuwa na vikosi vyao vilivyoogelea usiku kubandika mabomu kwenye matumbo ya meli za adui. Mwaka 1943, Ufaransa ikiwa chini ya Wajerumani, Jacques Cousteau na mhandisi Émile Gagnan walikamilisha kile kidhibiti cha hewa kinachomwezesha mtu kubeba mtungi wake mgongoni. Fikiria sasa: kama Cousteau angevaa mtungi ule na viatu vya risasi, angekuwa amepata nini? Mtu anayetembea chini bila bomba. Ni pale mtungi ulipokutana na pezi ndipo mzamaji aliponyoosha mwili, akalala juu ya maji kama samaki, akaenda anakotaka. Kamba ikakatika.

Baada ya vita kila aina ya pezi lililoko dukani leo ilizaliwa kutokana na shida fulani, na hapa ndipo historia inapogeuka kuwa ushauri.

Luigi Ferraro alikuwa mmoja wa wale Waitaliano waliozamisha meli kwa kuogelea. Vita vilipokwisha alibuni pezi lililoitwa Rondine, yaani mbayuwayu, la kampuni ya Cressi. Lilifunika mguu mzima hadi kisigino, kama kiatu. Shida aliyoitatua ni ya maji ya vuguvugu: mtu anazama peku, hataki mikanda. Hili ndilo pezi linalofaa zaidi bahari yetu, ambayo joto lake hucheza kati ya nyuzi 25 na 29. Ni jepesi, halina kifungo cha kukatika, na linaingia begini. Ndege ndogo za kwenda Mafia nyingi zinaruhusu mzigo wa kilo 15 tu kwa abiria, kwa hiyo uzito si jambo la mzaha.

Ubaya wake ni kwamba ukilivua unabaki peku. Kama mahali unapozamia mnaingia majini kwa kutembea juu ya matumbawe, kuna viumbe wenye miiba mieusi kama sindano wanaokusubiri. Hapo bora pezi la kisigino wazi lenye mkanda, linalovaliwa juu ya kiatu cha mpira. Mkanda wa chuma wa springi unashinda ule wa plastiki wenye vifungo, maana unavaa kwa kuvuta mara moja tu. Kama bado una mkanda wa plastiki, beba wa akiba.

Miaka ya 1960 Georges Beuchat wa Marseille alileta Jetfin, pezi fupi, pana, la mpira mzito, lenye matundu. Matundu yale hupitisha maji mguu unaporudi, hivyo haukazwi bure. Pezi hili limeishi hadi leo, na wanaolipenda sana ni wanaozama kwenye baridi kali na mapangoni. Vazi zito la baridi lina hewa inayokimbilia miguuni, na uzito wa mpira unaituliza. Mapangoni wanapiga miguu kama chura ili wasitibue tope. Lakini jozi kubwa huweza kukaribia kilo 3. Ukilipeleka Kigoma ukazame Ziwa Tanganyika na vazi jembamba, miguu yako itazama kuliko kichwa, maana maji ya ziwa hayana chumvi ya kukuelesha.

Miaka ya 1990 mwishoni yakaja mapezi yaliyopasuliwa katikati, kama mkia wa samaki. Haya ni laini. Mwenye magoti mabovu atayashukuru. Ila kwa kugeuka papo hapo au kurudi nyuma, hayatii kama pezi la ubao mmoja.

Mwisho kuna mapezi marefu ya wanaozama kwa pumzi moja, na lile la mkia mmoja kama wa nguva. Ili ujue pezi lina nguvu gani, linganisha: mwaka 2016 William Trubridge wa New Zealand alishuka mita 102 bila pezi lolote. Mwaka 2023 Alexey Molchanov wa Urusi, kwa pezi la mkia mmoja, alifika mita 136. Tofauti hiyo kwa sehemu kubwa ni ya kitu cha miguuni. Kwa mtu mwenye mtungi lakini, urefu huo ni kero; utapiga matumbawe na wenzako.

Basi tuje kwetu. Mlango bahari wa Pemba na mlango wa Kinasi kule Mafia si mabwawa ya hoteli. Wakati wa bamvua maji hupita kwa nguvu, na viongozi wa kuzama hupanga saa kwa kufuata maji kupwa na kujaa. Pezi laini mno halitakusukuma penye mkondo. Pezi gumu mno litakukaza shavu la mguu katikati ya maji, na msuli ukikaza pale ambapo mashua imeshasogea, hilo si suala la mtindo tena, ni suala la roho. Chukua la wastani. Livae dukani, kaa, nyoosha vidole: visibanwe, na kisigino kisicheze. Usinunue kwa rangi. Na hata ukiwa na pezi bora kuliko yote, usishindane na mkondo uso kwa uso. Pita pembeni yake au uende nao.

Bei yake si ya kitoto, najua. Ndiyo maana wavuvi wengi wa kwetu wanaozama kwa pumzi zao hutumia mapezi yaliyochakaa na kushonwashonwa. Lakini tazama tulikotoka. Watu wa pwani hii walishushwa kwa jiwe na kuvutwa kwa kamba ya mtu mwingine ili wapambe shingo za wasiowajua. Leo kijana wa Temeke anaweza kushuka kwa hiari yake, akatazama, akapanda muda anaotaka yeye. Kwangu mimi hilo linatosha kuwa sababu ya kuweka akiba.

Tafakarini. Tuko pamoja.