Aliyeshika Mwavuli

Matajiri wa Genoa walimkopesha mfalme wa Hispania, na madini ya fedha kutoka Amerika yakasaidia kulipa deni. Pesa zikishajaa, basi unajenga jumba Strada Nuova, unamwita mchoraji. Mwaka 1623 Anthony van Dyck, kijana wa Antwerp, akamchora Bi Elena Grimaldi Cattaneo, mrefu kama nguzo zilizo karibu naye. Watu husifu ule mwavuli mwekundu unaozunguka uso wake. Mimi huwa namtazama aliyeushika: kijana Mwafrika, nyuma ya bibi. Jina la picha linamtaja bibi na ukoo wake, huyu hatajwi. Tukisema matajiri ndio walioilea sanaa ya Baroko pale Genoa, sawa, lakini tuulize pia: wao walihudumiwa na nani?