Methadoni na 'soba hausi' zinavyowatoa waraibu katika unga

Na Mwandishi Wetu

ASUBUHI katika kliniki ya methadoni ya Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, watu hujipanga foleni mbele ya dirisha la dawa. Kila mmoja hupewa kikombe chenye dawa ya maji, huinywa mbele ya mhudumu, kisha huenda zake. Kesho hurudi tena.

Kliniki hiyo ilifunguliwa Februari 2011, ikiwa ya kwanza ya umma nchini kwa waraibu wa heroini. Zilifuata Mwananyamala, Temeke na Zanzibar, kisha mikoa mingine ikiwamo Mbeya na Mwanza.

Swali linaloulizwa sana mitaani ni kwamba, je, huko si kumtoa mtu kwenye dawa moja ya kulevya na kumtia kwenye nyingine? Jibu limo katika namna heroini inavyofanya kazi mwilini.

Heroini, au unga kama inavyojulikana vijiweni, hufika ubongoni upesi na kuisha upesi. Saa 6 hadi 12 baada ya kete ya mwisho, mtumiaji huanza kupiga miayo, kutokwa na machozi na makamasi, kuumwa mifupa, kutapika na kuharisha. Usingizi humpaa. Hali hiyo ndiyo mateja huiita arosto. Hufikia kilele kati ya siku ya kwanza na ya tatu, na kwa kawaida hutulia baada ya wiki moja hivi. Mwenye arosto anapokwapua simu, mara nyingi hatafuti starehe bali nafuu ya saa chache. Jambo ambalo jamii, na sisi waandishi wa habari tukiwamo, tumechelewa kulielewa.

Methadoni hushika sehemu zile zile za ubongo, ila taratibu, na nguvu yake hudumu takriban siku nzima. Mgonjwa huanzishiwa dozi ndogo, kwa kawaida isiyozidi miligramu 30, ambayo hupandishwa polepole kwa kuwa dawa hujilimbikiza mwilini na haraka inaweza kuua. Wengi hutulia kati ya miligramu 60 na 120. Akishafikia dozi inayomfaa, mgonjwa halewi wala hapati arosto, hivyo anaweza kufanya kazi na kulea watoto. Tena, kwa kuwa dawa hunywewa, sindano huachwa, na pamoja nayo hatari ya kuambukizana Virusi vya Ukimwi na homa ya ini. Ikumbukwe kuwa mwaka 2005 iliripotiwa kwamba baadhi ya wanawake jijini Dar es Salaam walikuwa wakijidunga damu ya wenzao waliokwisha kujidunga heroini, ili kuikimbia arosto.

Njia ya pili ni nyumba za upataji nafuu, maarufu kama soba hausi, ambazo zimeenea zaidi Zanzibar. Huko mraibu hukaa miezi kadhaa bila dawa yoyote ya kulevya, akifuata ratiba ya usafi, kupika, ibada na vikao vya hatua 12, utaratibu uliotokana na chama cha walevi wa pombe kilichoanzishwa Marekani mwaka 1935. Mara nyingi wasimamizi wenyewe ni waraibu waliopata nafuu, na hilo si jambo dogo: teja ni vigumu kumdanganya teja mwenzake.

Kosa linalogharimu maisha ni la familia zinazomfungia kijana chumbani hadi arosto iishe, kisha zikatangaza kuwa amepona. Mwili wake umekwisha kuusahau unga, lakini akili haijasahau. Akirudi kijiweni na kutumia kiasi kile kile alichozoea zamani, pumzi inaweza kusimama. Dawa ya naloxone huweza kumzindua, iwapo itakuwa karibu.

Anayetaka kuingia kliniki ya methadoni hufanyiwa tathmini, hupimwa mkojo kuthibitisha matumizi ya heroini au dawa za jamii yake, na huchunguzwa Virusi vya Ukimwi, kifua kikuu na homa ya ini. Wengi hufikishwa huko na asasi za kijamii zinazowafuata vijiweni. Dawa hailipiwi. Nauli hulipiwa, kwenda na kurudi, na kwa kijana asiye na kibarua hiyo ndiyo gharama ambayo ndugu wanapaswa kuikalia kikao kabla ya siku ya kwanza.