Feni ya Umeme kwa Lori la Zamani: Ilitoka Wapi na Inakufaa Lini?

Leo naacha mbegu na viuatilifu, naongelea feni ya rejeta. Mwaka juzi mbolea ya kupandia ya kikundi kimoja ninachokihudumia ilikwama mlima Kitonga. Lori la kukodi la tani tatu lilichemsha, gasketi ya silinda hedi ikaungua. Wiki mbili kabla, fundi alikuwa ameng'oa feni ya mkanda akafunga feni ya umeme ya mtumba iliyotoka kwenye gari dogo, akamwambia mwenye lori kuwa atapunguza mafuta. Mbolea ilifika siku tisa baadaye, na wengine walikuwa wameshapanda bila hiyo.

Sisemi feni ya umeme ni mbaya. Ila ukijua ilibuniwa kutatua shida gani, utajua inafaa gari lipi.

Anza na Ford Model T, iliyotengenezwa Marekani kuanzia 1908 hadi 1927. Ukiacha magari ya mwanzo kabisa, haikuwa na pampu ya maji. Maji ya moto yalipanda yenyewe juu ya rejeta, yakipoa yakashuka. Nyuma ya rejeta palikuwa na feni inayozungushwa na injini kwa mkanda, na kwa miaka mingi magari mengi yalifuata mtindo huo. Uzuri wake ni kwamba feni hukimbia kadiri injini inavyokimbia. Ukipanda mlima kwa gia ya pili injini inalia, feni nayo inavuta upepo mwingi, na haiombi betri chochote. Ubaya wake ni kwamba kwenye tambarare, ambako upepo wa mwendo unatosha, feni bado inakula nguvu na mafuta. Na gari likisimama mnadani huku injini ikizunguka taratibu, feni nayo inalegea.

Peugeot walijaribu njia ya kati. Kwenye 404 ya mwaka 1960, feni ilikuwa na klachi ya sumaku ya umeme: maji yakiwa baridi inaachia, yakipata moto inashika. Wazee wa Kenya wanaikumbuka 404 kwa zile pikapu za matatu, na kwa mbio za Safari Rally ilizoshinda 1963, 1966, 1967 na 1968. Lakini angalia vizuri: umeme ulikuwa wa kushika na kuachia tu. Kuzungusha bado ilikuwa kazi ya injini.

Feni ya umeme kamili ilienea pale injini ilipogeuzwa ikalala kwa upana wa gari. Mini ya Uingereza ya 1959 iliilaza hivyo, kwa hiyo mkanda haukuweza kuelekea mbele kirahisi, na rejeta ikawekwa ubavuni karibu na gurudumu. Fiat 128 ya Italia, 1969, ikarudisha rejeta mbele na kuipa feni yenye mota yake na swichi inayowaka kwa joto la maji. Magari madogo mengi yakafuata. Ni gari jepesi, mara nyingi lina upepo wa mwendo, na feni husaidia kwenye foleni tu.

Lori halikuwa na shida hiyo. Injini yake iliendelea kutazama mbele, mkanda ukabaki. Na kazi yake ni kinyume kabisa: linahitaji upepo mwingi zaidi likiwa limebeba, linapanda taratibu, na upepo wa mwendo hakuna. Feni ya lori kubwa inaweza kula nguvu za farasi 20. Hiyo ni karibu wati 15,000. Kwa umeme wa volti 24 ni zaidi ya ampea 600. Oltaneta ya lori lako haitoi hata robo ya hapo. Ndiyo maana kwenye lori la mzigo mimi nasema acha feni ya mkanda, badilisha fenibelti iliyochakaa, safisha rejeta, na hakikisha kava la feni halijavunjika. Ukitaka ya umeme, iwe ya kuongezea.

Pikapu ya zamani ni habari nyingine, lakini piga hesabu kwanza. Land Rover nyingi za Series IIA zilikuja na dainamo ya ampea 22. Taa kubwa mbili za wati 45 hula karibu ampea 8. Feni ya ampea 15 ukiijumlisha, umeshavuka, na bado hujahesabu koili. Usiku mmoja wa kutoka gulioni utakulaza njiani betri ikiwa imekufa. Weka oltaneta kwanza, feni baadaye.

Ukiwa dukani uliza volti, maana feni ya 12 kwenye gari la 24 itaungua. Chagua inayofunika sehemu kubwa ya rejeta. Fundi aweke relei, fyuzi, waya mnene kutoka betri, na swichi ya joto. Ile ya kuwasha kwa mkono dereva huisahau.

Kabla ya kumlipa, muulize feni inazunguka upande gani. Washa, shika karatasi mbele ya rejeta: inatakiwa inase kwenye rejeta. Ikipeperuka kukujia, waya za mota zimegeuzwa.