Ratiba ya mwaka kwa mwendesha baiskeli wa Kilindini anayetaka milima

Tangu mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yafanyike Kigali Septemba 2025, mara ya kwanza Afrika, vijana wetu wanatamani milima. Shida ni kuwa ratiba nyingi zimeandikwa Ulaya, ambako mwaka hufuata baridi na joto. Kwetu mwaka ni kaskazi, masika, kusi na vuli, na juu yake Ramadhani, ambayo hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka.

Basi iandike Ramadhani kwenye kalenda kabla ya jambo lingine. Mwezi huo ni wa kuhifadhi nguvu, si wa kuziongeza. Dakika 40 hadi 60 za mwendo mwepesi, mara tatu kwa wiki, zatosha: ama umalize karibu na magharibi ili maji yawe jirani, ama utoke baada ya tarawehe. Mwenye sukari au presha amuone daktari kwanza. Baada ya Idi, jipe wiki mbili za kurudi taratibu.

Masika, Aprili na Mei, mashimo hujificha chini ya maji. Fanya matengenezo ya baiskeli na uimarishe miguu na mgongo nyumbani.

Msimu wa kazi ni Juni hadi Septemba. Kisiwa hakina mlima, na daraja la Nyali ni mwinuko mfupi tu. Lakini kupanda mlima ni kukanyaga pedeli kwa nguvu ileile bila kupumzika, na upepo wa kusi usoni hukulazimisha vivyo hivyo. Vuka feri, elekea Diani, kaza dakika 10 mara tatu, kisha urudi ukisukumwa na upepo.

Mlima wenyewe wa karibu ni Kwale. Kutoka Kombani barabara hupanda hadi zaidi ya mita 350. Panda mara moja wiki za mwanzo, baadaye mara mbili au tatu. Ukihema hata huwezi kutamka sentensi, weka gia nyepesi. Kwa wiki, siku mbili nyepesi, moja ya mlima, moja ya safari ya saa tatu hadi tano. Ongeza wiki tatu, ya nne punguza nusu. Mwili hujengeka ukipumzika.

Barabara ya Changamwe hadi Mazeras simshauri mtu. Husemwa alfajiri malori ni machache, lakini bandari hailali. Pakia baiskeli kwenye gari hadi Mazeras, uanzie hapo kuelekea Rabai na Kaloleni, kwenye vilima vya kupanda na kushuka.

Mwisho wa Agosti jipime Mwatate hadi Wundanyi, mji ulio zaidi ya mita 1,400 juu ya bahari. Ukishuka kwenye zile kona, bana breki kwa vipindi, usizishikilie mfululizo zikapata moto.

Oktoba na Novemba, vuli ikinyesha, punguza. Kaskazi ikiingia, toka baada ya sala ya alfajiri, uwe nyumbani saa mbili, na chupa ya maji kwa kila saa.